Mwalimu wa Matope

Sikuwahi kumwona akiketi mpaka chai yake ikaisha. Alikuwa akipokea kikombe, anakaa ukingoni mwa kiti, anapiga mafunda mawili, kisha anainuka kwenda mlangoni kutazama kilima. Akirudi chai imepoa, na anailalamikia. Mamangu alikuwa akimwambia, "Mwalimu, kilima hicho hakina miguu. Kaa unywe chai." Naye alijibu kila mara kwa sauti ileile ya darasani: "Kina miguu, mama. Hakijaamua kuitumia tu." Basi mamangu akambandika jina la Mwalimu wa Matope, na kijiji kizima kikalipokea.

Alinifundisha jiografia katika shule ya huku kwetu, bara kidogo kutoka Msambweni, pale ambapo tuktuk zinagoma na pikipiki ndizo zinaendelea. Nilikuwa mwanafunzi wa kawaida, nikawa fundi mwashi wa kawaida. Yeye alistaafu akabaki palepale, akaendelea kunifundisha bila mshahara na bila kuombwa. Nimemjua zaidi ya miaka thelathini. Alikozaliwa sikujui, na hata ningemuuliza angenijibu kwa swali.

Kilima chenyewe si kirefu. Mtu aliyezoea milima ya bara angekipita bila kugeuza shingo. Lakini upande wetu kimesimama wima, na katikati kuna korongo lenye mto mdogo, linaloshuka moja kwa moja hadi uwanda mdogo, mahali zilipo nyumba zetu. Siku Mwalimu alipotuambia kwamba kilima hicho kilikuwa volkano, tulicheka darasa zima. Volkano kwetu ilikuwa picha ya kitabuni, moshi na moto. Alingoja tumalize. Akasema, "Moto ulikufa zamani, kabla ya binadamu. Mteremko haujafa." Kisha akatoa mfukoni kipande cha mwamba wa pale juu, akakivunja kwa vidole viwili, unga mwekundu ukamwagika mezani. Mwamba huo, alisema, ukinyeshewa miaka na miaka huoza, na kilichooza hulala juu ya kilicho kigumu kama godoro juu ya sakafu iliyoinama. Akatuuliza godoro likilowa litakwenda wapi. Tukaacha kucheka.

Wiki ile ile alimwomba mamangu sinia lake kubwa la harusi. Alilijaza udongo wa kilimani, akapanga kokoto juu yake, na kila mwanafunzi akapewa kiberiti kitupu aandike jina la nyumba yao. Tuliviweka viberiti ukingoni, kila mmoja mahali pa kwao. Aliinamisha sinia kidogo, akamimina kikombe kizima cha maji. Udongo ukayanywa, basi. Akaliinamisha zaidi, akamimina nusu kikombe. Udongo, kokoto na viberiti vikaondoka pamoja, vikaangukia miguu ya waliokaa mbele. Halafu akaanza upya kwa udongo mwingine, akalilaza sinia sawasawa, akamwaga jagi zima. Likawa dimbwi, hakuna kilichosogea.

"Sasa nani mkosaji?" akauliza. "Maji au mteremko?"

Nusu ya darasa tukapiga kelele maji, nusu mteremko.

"Wote mliotaja kimoja, mmekosa," akasema. "Penye mteremko mkali mvua ndogo inatosha. Pakilala, mvua kubwa haitoshi. Lazima vikutane."

Kiberiti changu nilikikuta chini ya dawati, kimelowa, jina la babangu limefutika nusu. Sinia lilirudi kwa mamangu likiwa limebonyea upande mmoja, na hilo hakumsamehe. Kila mgeni aliyeandaliwa chakula kwetu alionyeshwa ule mbonyeo na kuambiwa ni nani aliyeutia.

Hapa inafaa niseme kosa letu lenyewe, maana mtu wa mbali atashangaa kwa nini tulijenga mdomoni mwa korongo. Tulijenga kwa sababu ya mawe. Pwani hii mtu akitaka msingi hununua mawe ya matumbawe, yaletwe kwa lori, na lori lenyewe lisikwame njiani. Pale uwandani mawe yalikuwa yamelala bure, meusi, magumu, mengine makubwa kama ng'ombe aliyelala, mengine ya kubebwa na mtu mmoja. Ardhi ilikuwa tambarare, maji yako karibu, udongo una rutuba. Babangu alijenga hapo akajisifu kwamba hakununua hata jiwe moja. Alipofariki tukamzika hapo hapo uani, na mimi, fundi, nikambomolea mamangu kuta za udongo nikamjengea nyumba nzima ya mawe yale yale. Niliona fahari. Mwalimu alikuja kuitazama. Aliizunguka, akagonga kona kwa kifundo cha kidole, akakiri kwamba imenyooka.

"Fundi," akaniuliza, "mawe haya uliyaleta na lori gani?"

"Hakuna lori, Mwalimu. Yalikuwa hapa hapa."

"Na hapa yalifikaje?"

Nilijua jibu tangu enzi za viberiti, na nilikasirika kuulizwa mbele ya vibarua wangu. Yalishuka na korongo, zamani ambazo hakuna mtu anayezikumbuka. Yaani sisi tulichagua mahali pa kujenga kwa kufuata alama za mahali kilima kilipomwaga mara ya mwisho. Mwashi mwenye akili angeliona hilo kabla ya kuchanganya saruji. Mimi sikutaka kuliona.

Mvua aliipima kwa makopo ya maziwa ya unga, na kila moja alilichora ndani mistari mitatu ya rangi ya kucha aliyomwibia binti yake. Aliyatega uani kwa watu, mahali pa wazi, mbali na minazi ili matone ya majani yasimdanganye. Mstari wa kwanza maana yake ardhi imeshiba. Wa pili maana yake mtu afunge mzigo wake auweke mlangoni. Wa tatu hakuueleza, alisema atakayeufikia hatakuwa na haja ya maelezo. Hakuyamwaga kila siku kama wafanyavyo wapima mvua wengine. Aliacha maji ya jana yakutane na ya leo, kwa sababu mvua ya siku moja, alisema, ardhi huimeza, lakini mvua inayokuja juu ya mvua haina pa kwenda.

Masika moja kopo la kwetu lilikutwa kavu ilhali tulinyeshewa siku tatu. Mwalimu alizunguka uani ameinama kama aliyepoteza pete, mpaka akaona nyayo. Mbuzi wa mamangu alikuwa ameyanywa maji yote. "Mama, mbuzi wako amekunywa ushahidi!" akasema, na mara ile moja nilimsikia mamangu akicheka mpaka akaketi chini. Tangu hapo makopo yakapandishwa juu ya vigingi.

Mteremko aliupima kwa kipimapembe kikubwa cha ubao, mali ya shule ambayo hakuirudisha, akakifunga uzi wa mshipi wenye chubwi, kile kipande cha risasi cha wavuvi, uning'inie wima. Alikuwa na tabia ya kuniburuta kilimani nimshikie mwisho wa kamba, hata siku nina kazi za watu. Alipanda upesi kuliko mimi, kanzu ameikunja kiunoni, akisimama kila mara kusikiliza. Sehemu fulani uzi ulivuka alama nyekundu ya kipimo, na hapo alikuwa akishusha sauti, kana kwamba kilima kingemsikia. Siku moja mahali hapo nilimuuliza kwa hasira kwa nini hatulii, kwa nini asistaafu kama watu wengine, acheze bao.

"Nilifundisha bara chini ya mlima mkubwa wa namna hii hii," akasema. "Asubuhi moja nilipiga kengele, nusu ya darasa langu haikuja. Nilidhani wamechelewa kwa sababu ya mvua. Niliwaandika hawapo." Halafu akanyoosha mkono. "Nipe kamba."

Hakurudia tena habari hiyo, wala mimi sikuigusa. Lakini tangu siku hiyo na mimi nikisikia mvua juu ya mabati hupoteza usingizi wa mchana, na hata kazini Diani, wingu likisimama upande wa Msambweni, hushuka kwenye jukwaa nikatafuta simu.

Msimfanye mtakatifu lakini. Alikuwa mwongo wa mambo madogo. Alikuwa na sukari, na alimwapia binti yake kwamba hajaigusa huku ndevu zake zina chembe za halua. Umri wake ulibadilika kulingana na foleni aliyosimama. Na yeye aliyetukataza kujenga mdomoni mwa korongo alilima migomba yake hapo hapo, mikubwa kuliko ya mtu yeyote. Mamangu alipomshika na hilo hakuona haya. "Migomba haina watoto wa kuamshwa," akajibu, akakata mkungu akampa.

Jambo lililomharibia jina ni harusi. Jirani yetu alikuwa akimwoza binti, sufuria ziko motoni, mvua ya siku mbili imepungua ikawa manyunyu. Mwalimu akatazama makopo, akatazama kilima, akaingia msikitini akachukua kipaza sauti. Akatangaza kwamba maji yamepita mstari wa pili na kwamba kila mtu wa uwandani apande shuleni, mgongoni mwa kilima, wakati huo huo. Watu walimwogopa bado, wakapanda. Pilau iliachwa mbichi nusu, bibi harusi akapandishwa na leso kichwani, hina haijakauka. Saa sita jua likatoka. Bwana harusi alifika na watu wake kutoka Ukunda wakakuta kuku na masufuria yaliyoungua.

Mimi ndiye niliyemkabili, kwa kuwa wengine walimheshimu na mimi nilikuwa nimemzoea. Nilimwambia, "Mwalimu, wewe utatuua kwa hofu kabla matope hayajafika. Unataka tuishi na magodoro kichwani?"

Hakuinua sauti. "Kila masika namwomba Mungu nionekane mwongo," akasema. "Mpaka leo dua yangu inakubaliwa. Wewe mwanangu una shida gani na hilo?"

Baba wa bibi harusi hakuitikia salamu yake mwaka mzima. Mwalimu aliendelea kumsalimia.

Alituonyesha pa kuhamia. Familia yetu ina kipande mgongoni, karibu na shule, mahali ambapo mvua ikinyesha maji hujigawa kushoto na kulia. Mamangu alikataa kwa sababu mbili, na zote ni za kweli: kisima kiko mbali, na kaburi la mumewe lingebaki bila mtu wa kulifagia. Mwalimu alibishana naye kuhusu kisima miaka mingi. Kuhusu kaburi hakubishana hata siku moja.

Halafu macho yake yakaingia ukungu, akaanguka mara mbili njiani akienda kwenye makopo, binti yake akaja kumchukua akae naye Ukunda. Siku ya kuondoka alipita nyumba kwa nyumba akitafuta mtu wa kumwachia makopo. Watu walimpa nazi, walimpa mihogo, makopo wakayakataa kwa adabu. Mimi nilisema nina kazi Diani. Mamangu ndiye aliyeyapokea. "Yalete," akasema, "nitapimia unga." Mwalimu alimtazama muda, akayaweka mlangoni, akapanda pikipiki na kushikiliwa nyuma kama mzigo wa gunia. Niliona aibu lakini pia, wacha niseme ukweli, nilipumua.

Masika haya yaliyopita nilikuwa Diani, tunajenga ukuta wa nyumba ya kupangishwa wageni. Mvua ilikuwa ya siku ya tatu. Saa nne asubuhi mamangu akanipigia simu. Akaniambia, "Mwanangu, mto umenyamaza."

"Umenyamaza vipi, na mvua inanyesha?"

"Ndiyo hivyo. Mvua inazidi, mto unapungua. Na kopo limepita mstari wa pili."

Nilikuwa juu ya jukwaa, na siku hiyo sikushuka: saruji inaniharibikia, msimamizi ananitazama. Sikuuliza ni kopo gani. Nikamwambia, "Mama, kaa ndani usilowe. Mvua ni mvua tu." Nikakata simu.

Hakunisikiliza, Mungu ampe maisha marefu. Alijifunga leso, akapiga sinia lake kwa mwiko mlango hadi mlango, akawapandisha watu wa nyumba tisa mpaka shuleni. Mwalimu alikuwa amemfundisha jambo hilo wakati wa kubishana kwao: mto ukinyamaza mvua ikinyesha, kuna kitu kimeziba huko juu, na kilichoziba kitaachia. Kiliachia kabla ya adhuhuri. Waliokuwa shuleni wanasema walisikia mlio kama wa malori mengi yanayomwaga kokoto kwa pamoja, na harufu ya udongo uliochimbwa. Matope yalichukua banda la mbuzi, choo, migomba yote ya Mwalimu na nyumba moja ambayo haikuwa na paa bado. Yalisimama hatua chache kabla ya kaburi la babangu. Hakufa mtu. Mbuzi wawili tu.

Nilifika jioni nimelowa mpaka mifupani, nikamkuta mamangu anachemsha chai jikoni mwa shule. Makopo yalikuwa yamepangwa kando yake, yamesuguliwa yakang'aa. Hakunikumbusha nilichomwambia kwenye simu, na hilo lilinichoma zaidi.

Baada ya wiki mbili jua likakausha matope, na uwandani kukaonekana mawe mapya. Wallahi yalikuwa mawe mazuri. Yamejisafisha njiani, yana pande zilizonyooka, yanataka nyundo mara mbili tu. Watu wakaanza kuyatia alama za chokaa, huyu lake, yule lake. Wakaanza kusema kilima kimetapika, kimemaliza, sasa kitakaa miaka mia. Kakangu akanipigia simu kutoka Taru anakochunga mifugo yake, akasema tumwongezee mama vyumba viwili vya mawe hayo, na yeye arudi akae hapo na watoto wake watano. Majirani wakanizunguka: fundi unasemaje, tuanze lini? Nilijua nikisema ndiyo wote watajenga. Nami nilikuwa nimeshawapimia wawili kwa macho.

Basi nikaenda Ukunda. Nilijidai naenda kumjulia hali Mwalimu. Nilikwenda ili aniambie kimemaliza.

Chumba chake kilikuwa cha chini, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Hakuna kilima, hakuna hata mbingu. Nilimkuta ameketi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Fundi." Aliijua sauti. "Kumenyesha kwenu?"

Nikamweleza yote. Alitikisa kichwa mahali pa migomba, akaomba nirudie kuhusu mto.

"Na kopo lilisoma wapi?"

"Lilipita mstari wa pili. Mamangu ndiye aliyekuwa akiliangalia. Kumbe kila asubuhi, tangu ulipoondoka."

Alicheka mpaka akakohoa. "Mpimia unga!" akasema. "Mpimia unga!" Akafuta macho kwa ncha ya shuka. "Na wewe ulikuwa wapi?"

"Diani. Alinipigia simu."

"Ukamwambiaje?"

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata mke wangu. "Nilimwambia akae ndani."

Nikakimbilia lile lililonileta. Nikamwambia kwamba korongo limejisafisha, kwamba watu wanasema limemaliza, kwamba kakangu anarudi na watoto. "Limemaliza, sivyo, Mwalimu?"

"Mawe ni mazuri?" akauliza.

"Mazuri sana." Nilisikia mwenyewe jinsi sauti yangu ilivyofurahi, nikaona haya.

Binti yake akaleta chai, vikombe viwili juu ya sinia la plastiki na kibakuli cha sukari cha mgeni, akaliweka juu ya stuli katikati yetu, akatoka. Mwalimu alinyoosha mkono akapapasa mpaka akafikia ukingo wa upande wake. Akauinua. Polepole, kidogo, kisha kidogo tena. Vikombe vikatetemeka, vikaanza kunijia. Nikavidaka kwa mikono miwili, chai ikaniunguza vidole.

"Mbona umevishika?" akauliza.

"Vilikuwa vinaanguka, Mwalimu."

"Vimeanguka?"

"Bado."

Alilishusha sinia. Akangoja nyayo za binti yake ziishe ukumbini, akajitilia sukari vijiko vitatu, akanywa chai yake ya moto mpaka ikaisha bila kuinuka. Mimi yangu ilipoa.

Nilipotoka nilisimama barabarani, tuktuk zinanipigia honi, nikampigia mamangu. Nikamwambia aanze kufunga vyombo, tunahamia mgongoni wiki hii, tutaanza na banda la mabati, kisima nitamchimbia mimi, na kaburi nitakuwa nashuka kulifagia kila Ijumaa mwenyewe. Kakangu nitazungumza naye, na majirani pia.

"Mvua imeanza huko?" akauliza.

"Hapana, mama."

"Maana huku jua linawaka. Nimeanika muhogo."

"Najua, mama," nikamwambia. "Uanue."